Nafasi: Washairi wa Mwambao na Saa za Baada ya Kazi

Mwaka 1926 kijana wa miaka 17, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliajiriwa kuwa karani katika idara ya forodha ya serikali ya Tanganyika. Alidumu katika idara hiyo hadi 1944. Kisha alihamia idara ya wanyama, baadaye ofisi ya jimbo mjini Tanga, na mwisho idara ya upimaji wa ardhi. Kwa miaka ipatayo 30 mchana wake ulikuwa mali ya daftari la mtu mwingine: shehena na stakabadhi, hesabu za ushuru, barua za mabwana zilizohitaji kunakiliwa, mihuri na saini zisizokuwa zake. Kijana huyo ni Shaaban Robert.

Msomaji wa Kusadikika, kilichotoka 1951, au wa Adili na Nduguze cha 1952, ni nadra kukumbuka kwamba vitabu hivyo viliandikwa na karani. Vinasomeka kama kazi za mtu aliyelala na kuamka penye meza ya fasihi, mwenye nyumba tulivu na mapato ya kumtosha. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya alichokiandika ilipatikana katika yale masalio ya siku ambayo mwajiri hakuyahitaji. Utenzi wake mkubwa kuliko zote, Utenzi wa Vita vya Uhuru, una beti zipatazo 3,000, na aliutunga zama zile zile za vita vikuu vya pili alipokuwa mtumishi wa serikali. Wingi huo wa beti hutisha hadi mtu auweke kwenye hesabu. Tuseme utenzi kama huo ulichukua miaka mitatu tu: ni beti zisizotimia tatu kwa siku. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Beti tatu, basi, ni mizani 96, maneno ambayo mtu huyamaliza akimweleza jirani habari za mvua. Haisemwi kwamba ndivyo alivyofanya siku kwa siku, wala kwamba mizani 96 za Shaaban Robert ni sawa na mizani 96 za mtu yeyote. Inasemwa tu kwamba mlima ule ulipandwa kwa hatua fupi, na kwamba hatua fupi ndizo alizokuwa nazo.

Husikika mara nyingi siku hizi, Unguja na Mombasa, Lamu na Tanga, kwamba ushairi unadhoofika kwa kuwa watu hawana tena wakati. Kazi ni nyingi, mji umekuwa ghali, safari za daladala zimekuwa ndefu, na usiku umechukuliwa na simu. Manung'uniko hayo yana haki yake na si ya kubezwa. Lakini ndani yake mmejificha dai la kihistoria, nalo ni kuwa wazee wetu waliotunga walikuwa na wakati. Dai hilo lafaa kutazamwa kwa makini, kwani ukiwapanga watunzi wa mwambao mmoja mmoja na kuwauliza walikula nini, ni wachache mno watakaokujibu kwamba walikula ushairi.

Lugha yenyewe imelitambua jambo hili zamani. Mswahili aliyebanwa na kazi hasemi tu kuwa hana wakati; husema hana nafasi. Na nafasi ni neno la mahali kabla ya kuwa neno la saa. Ni kiti kilichobaki chomboni, ni pengo katika safu ya miche, ni upenyo baina ya watu wawili msikitini anapoweza kuingia wa tatu. Wasaa nao, tulioupokea kutoka Kiarabu, asili yake ni upana. Kwa fikra hiyo, mtu hapewi wakati kama anavyopewa mshahara. Huutafuta mwanya kati ya mambo mawili, akajipenyeza. Baina ya alasiri na magharibi pana mwanya. Baada ya isha upo mwingine. Siku ya mwambao, kwa kukatwa na sala tano, ilikuwa imejaa miinamo na mapumziko tangu kabla ya saa ya ukutani kufika. Inashangaza kidogo kwamba lugha hiyo hiyo haikujitengenezea neno zuri la kazi ndogo ya mapenzi, ile aifanyayo mtu bila kutumwa na bila kulipwa. Kamusi hutoa uraibu, na uraibu kwa wazee ulikuwa tambuu na tumbaku. Leo neno hilo hilo hutajwa kwa dawa za kulevya. Pengine watunzi wenyewe wasingelikataa.

Mfano ulio mkongwe na ulio wazi ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa takriban 1776 na kufariki 1840. Muyaka alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa pia msemaji wa mji wake katika zama za Wamazrui na ugomvi wao na Sayyid Said, na mashairi yake ya kisiasa yaliuma kama upanga. Lakini mapato yake yalitoka katika biashara. Wahakiki, na hasa Mohamed Hassan Abdulaziz katika kitabu chake cha 1979 juu ya Muyaka, wameeleza jinsi alivyoutoa ushairi katika mambo ya dini na utenzi mrefu akauleta sokoni, katika shairi la mishororo minne linalozungumzia njaa, mapenzi, deni, rafiki mwenye hila na mji wenye fitina. Huwa tunalieleza badiliko hilo kama badiliko la maudhui. Linafaa kuelezwa pia kama badiliko la nafasi. Utenzi wa mamia ya beti hudai mtu aliyekaa kitako na wino wake. Shairi la ubeti mmoja au mbili hudai mtu aliyesimama. Mfanyabiashara aweza kulitunga baina ya mteja na mteja, akalisoma barazani jioni, na kesho yake likawa limekwisha vuka upande wa pili wa mji bila ya karatasi.

Halafu kuna bahari, ambayo imewapa watu wa mwambao likizo wasizoziomba. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, na kusi ikayarudisha. Aliyechelewa upepo wake alikaa bandarini miezi hadi ugeuke. Katikati ya kusi, bahari ilipochafuka, vyombo vilipandishwa pwani. Mabaharia walishona matanga, walipiga kalafati, walisimuliana, na baadhi yao walitunga. Wavuvi nao huishi kwa mwezi wa mbinguni: bamvua ina kazi zake na maji mafu yana zake. Ajuaye kalenda hiyo hashangai kuona kwamba mashairi mengi ya visiwani yamejaa mawimbi, nanga na milingoti. Watunzi hawakuyaazima hayo kwa kupamba. Hayo ndiyo waliyokuwa wakiyatazama wakati mikono yao ilipokuwa imepumzika.

Haji Gora Haji alitoka katika ulimwengu huo. Alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, akalelewa Unguja mjini, na elimu yake ya mwanzo ilikuwa ya chuoni. Alivua samaki, alisafiri kwa vyombo vya tanga, na alikuwa mchukuzi wa bandarini. Mchukuzi! Neno hilo lapasa kukaliwa kidogo. Kuna kazi zinazomwachia mtu mwili mzima na kumchukua akili, kama ukarani. Na kuna zinazomchukua mwili na kumwachia akili. Karani hawezi kutunga huku akijumlisha ushuru, kwa sababu tarakimu na vina hugombania mahali pamoja kichwani. Hana budi kungoja hadi afisi ifungwe. Mchukuzi, mvuta kasia, mwanika karafuu na msuka ukili wao huweza kubeba ubeti pamoja na mzigo. Kazi ya mwendo mmoja usiobadilika hata huupigia ubeti huo ngoma. Ndiyo maana si sahihi kudhani kwamba kila aliye na kazi nzito ya mikono yuko mbali zaidi na sanaa kuliko aliyeko mezani.

Tungo za Haji Gora ziliimbwa na vikundi vya taarabu miaka mingi kabla ya kuwa kitabu. Diwani yake, Kimbunga: Tungo za Visiwani, ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994. Mtunzi alikuwa na miaka 61. Alifariki mwaka 2021, akiwa ameacha mashairi, tenzi, ngano na nyimbo, nyingi kati ya hizo zikiwa zimepita midomoni mwa watu wasiojua ni nani aliyezitunga. Wanaomsifu husema alikuwa na kipaji cha kuzaliwa, na bila shaka alikuwa nacho. Ila kipaji peke yake hakielezi namna mtu asiyekuwa na meza anavyohifadhi ubeti tangu asubuhi gatini hadi usiku nyumbani.

Maelezo ya jambo hilo yamo katika umbo lenyewe la shairi. Kuna vijana ambao wamekuwa wakilaumu vina na mizani kwa kusema ni minyororo, na mjadala huo tangu miaka ya 1970 umekwisha kula wino mwingi. Hapa panatosha kutaja faida moja ambayo pande zote mbili huisahau: shairi la kimapokeo ni chombo cha mtu asiye na karatasi. Kina cha kati na kina cha mwisho ni vigingi viwili. Kamba ikilegea mahali, mtunzi huhisi mara moja. Mizani nane kwa nane huhesabika kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja vyatosha kama ule mwingine umeshika jembe. Kibwagizo hushikilia mlango: mtu akiitwa kazini katikati ya ubeti, akirudi hukikuta kibwagizo chake kimemngoja pale pale. Tungo za namna hii zilivumilia kukatizwa. Uandishi wa riwaya hauvumilii kirahisi hivyo, na yawezekana hii ni sababu mojawapo iliyofanya mwambao uwe na washairi wengi na waandishi wa riwaya wachache.

Kisha wanawake. Hapa historia yetu imekuwa na macho nusu.

Ingia katika nyumba yoyote ya shamba, Makunduchi au Wete au Siyu, na mkeka ulioko sakafuni utakuonyesha saa ngapi za mwanamke zimelala pale. Majani hukaushwa, hupasuliwa kuwa chane, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa ukili, utepe mrefu usiokuwa na mwisho hadi msukaji mwenyewe auamulie. Ukili hukunjwa ukawekwa, ukachukuliwa tena. Husukwa mchele ukiwa jikoni, mtoto akiwa amelala, mgonjwa akiwa anatazamwa, mgeni akiwa anazungumza. Hautaki macho, mkono unaujua. Baadaye ukili huo huzungushwa na kushonwa kuwa mkeka. Kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, zimepatikana vivyo hivyo, kwa mishono iliyoibwa hapa na pale katika siku ya mtu, wiki baada ya wiki. Inayonunuliwa kwa ajili ya sikukuu imebeba ndani yake jioni nyingi zisizoandikwa popote.

Na wakati ukili ulipokuwa ukisukwa, maneno hayakukaa kimya. Makumbi yaliyofukiwa matopeni pwani kwa miezi yalipofukuliwa na kupondwa, yalipondwa kwa kundi na kwa nyimbo. Ngoma za lelemama zilikuwa na watunzi wao, na vijembe vya wakati huo vilichongwa kwa ustadi usiopungua wa malenga yeyote. Lakini daftari za nyimbo hizo ni chache. Mwanamume aliyetunga barazani alikuwa na wasikilizaji waliojua kuandika. Mwanamke aliyetunga uani alikuwa na wasikilizaji waliojua kukumbuka, na kumbukumbu hufa na mwenyewe. Kuna jambo la pili ambalo ni gumu zaidi kusemwa katika majarida ya ushairi. Ile saa ya baraza, baina ya alasiri na magharibi, ambapo wanaume walikaa wakajibizana kwa mashairi na kahawa ikapita mikononi, ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa jikoni. Kuni ziliokotwa na mtu. Maji yalitekwa na mtu. Faragha ya malenga mmoja mara nyingi ni jasho la mke na binti wawili. Kulisema hili hakuyapunguzi mashairi yale uzuri. Kunaongeza tu jina kwenye hesabu.

Ndiyo maana Mwana Kupona binti Msham anastahili kutazamwa upya kwa jicho hili. Utendi wake, uliotungwa takriban 1858, umejadiliwa sana kwa ajili ya mawaidha yake juu ya mke na mume, na kila kizazi kimemsifu au kumlaumu kwa hayo. Kidogo kimesemwa juu ya hali aliyoutungia. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, na alikuwa na binti, Mwana Hashima. Nafasi aliyoipata ilikuwa ile ya ugonjwa: kulala kulikomwondoa katika shughuli nyingine zote. Hakufika mbali baada ya hapo. Inakadiriwa alifariki mwaka 1860 au karibu yake. Utendi ule ulinakiliwa mkono kwa mkono katika nyumba za Lamu na Pate, na hao walionakili, wengi wao wakiwa wanawake, nao pia waliiba saa.

Siti binti Saad wa Fumba alianza na udongo. Aliuza vyungu kwa mguu toka shamba hadi mjini, na sauti iliyokuja kurikodiwa Bombay mwaka 1928 ilikuzwa kwanza njiani, ikitangaza bidhaa. Shaaban Robert ndiye aliyeandika wasifu wake. Yapendeza kuwaza kwamba karani na mfinyanzi walikutana kwenye kurasa zile, kila mmoja akiwa ameyajua maisha ya kutumikia riziki mchana na sanaa usiku, ingawa kwake Siti sanaa ilikuja kuwa ndiyo riziki, bahati ambayo wenzake wengi hawakuipata.

Kupata saa ni nusu ya shughuli. Nusu ya pili ni kuwa na mahali pa kupeleka kilichopatikana katika saa hiyo, na hapa karne ya ishirini ilileta vitu viwili vipya: gazeti na klabu. Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la serikali ya Tanganyika, lilianza mwaka 1923. Lilikuwa chombo cha watawala na lilisema waliyoyataka watawala. Hilo halina ubishi. Lakini lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na ukurasa huo ulifanya kazi ambayo wahariri wake huenda hawakuikusudia. Mwalimu wa shule ya kijijini alituma fumbo. Karani wa stesheni ya mbali akalifumbua. Askari mmoja akasema wote wawili wamekosea mizani. Majibu yalichukua mwezi, wakati mwingine miwili, na katika muda huo kila mmoja alikuwa na jambo la kulifikiria njiani. Ilikuwa baraza iliyonyooshwa kutoka pwani hadi maziwa makuu. Mwezi mmoja kwa shairi moja: ni mwendo ambao mtu mwenye kazi na watoto aweza kuumudu.

Katika baraza hiyo ya karatasi walikuzwa watu ambao hawakuzaliwa wakisikia mawimbi. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917 katika nchi ya Ugogo, alifanya kazi za serikali, ukarani wa kodi na kisha shughuli za mahakama, na akatunga kando ya hizo hadi akahesabiwa miongoni mwa wakuu wa fani. Aliandika historia ya Wagogo, iliyotoka 1954. Diwani yake ilitoka 1963. Aliipa umbo jipya ngonjera, mashairi ya kujibizana yanayosemwa mbele ya watu, na akaongoza chama cha UKUTA. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye Sheria za Kutunga Mashairi yake ya 1954 ilikuwa mwalimu wa wengi wasiokuwa na mwalimu, alikuwa mhubiri, kisha meya wa Dar es Salaam, kisha waziri, na alifariki 1964 akiwa bado kijana. Kitabu kile kidogo kinasomwa leo kama kitabu cha kanuni. Kilipotoka kilikuwa pia zawadi kwa mtu aliye peke yake jioni, mbali na malenga yeyote, anayetaka kujua kama alichokitunga kimesimama.

Klabu nazo zilifanya hivyo hivyo kwa muziki. Ikhwani Safaa iliundwa Unguja mwaka 1905 na marafiki waliotaka kujifunza ala, na jina lenyewe lasema ni udugu kabla ya kusema ni bendi. Ilikuwa shughuli ya baada ya isha. Wapigaji walikuwa watu wa kazi zao, na aliyeshika udi usiku asubuhi yake alifungua duka au alikwenda afisini. Culture, iliyoanza 1958, ilifuata njia hiyo. Ambacho klabu iliwapa ni miadi. Mtu aliye peke yake huahirisha; mtu anayesubiriwa na wenzake wanane hawezi kuahirisha mara tatu mfululizo bila kuulizwa.

Hata hivyo, kuna mtunzi mmoja ambaye kisa chake hukataa kuingia sawasawa katika maelezo haya. Abdilatif Abdalla alikuwa mhasibu msaidizi katika baraza la mji wa Mombasa. Mwaka 1968 alieneza waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, na kwa ajili yake akafungwa miaka mitatu, kuanzia 1969. Alitengwa peke yake. Ghafla alikuwa na kile wanachokitamani waandishi wote wenye ajira: siku nzima, kila siku, bila ya daftari la mwajiri. Hakuwa na karatasi. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyotoka 1973, aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na yalitolewa gerezani kwa siri vile vile. Kisa hiki hutajwa kwa ushujaa wake, na kinastahili. Kinafundisha pia kwamba saa tupu na nafasi si kitu kimoja. Aliyefungwa alikuwa na saa zote akanyimwa upenyo, ikambidi autengeneze kwa kucha. Karani wa Tanga alikuwa na upenyo mwembamba na saa chache, na bado aliweza kwenda nao. Na umbo lile lile la kale, la vina viwili na mizani kumi na sita, ndilo lililowahudumia wote wawili.

Likirudiwa swali la leo, basi, huenda limeulizwa vibaya. Jumla ya saa za ziada za mchukuzi wa 1955 haikuwa kubwa kuliko ya dereva wa bodaboda wa sasa. Kilichopungua ni vile vilivyozifanya saa hizo zishike: kazi ya mikono iliyoacha akili huru, mwendo wa miguu, baraza yenye watu wale wale kila jioni, gazeti linalongoja jibu lako la mwezi ujao. Baadhi vimepata warithi. Makundi ya ushairi ya simu yana kasi ambayo Mambo Leo isingeliota, na humo fumbo hufumbuliwa kabla chai haijapoa. Ni hasara kidogo, kwani fumbo lililofumbuliwa kwa dakika mbili halikumsindikiza mtu njiani. Upande wa mashariki wa Unguja, tangu kilimo cha mwani kilipoanza mwaka 1989, wanawake wengi wamepata fedha yao wenyewe na wakapoteza baadhi ya saa za ukili, kwa sababu bamvua sasa ina mwajiri. Maji mafu yakirudi, ukili hutolewa tena. Mashairi yanayosemwa juu yake hayajapata mwandishi.

Wala wengi katika watunzi waliotajwa hawakuona mwisho wa walichokianza. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, na Utenzi wa Vita vya Uhuru ukatoka 1967. Mnyampala alifariki 1969; vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971. Mashairi ya Muyaka yalingoja zaidi ya wote. Yalikuwa yamesambaa vichwani mwa wazee wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa mji huo, alipoanza kuyakusanya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akimfikia huyu na yule, akiandika, akimfafanulia maneno yaliyokwisha kuwa magumu mmisionari Mwingereza W. E. Taylor. Hakuna aliyemwajiri Muyaka atunge. Sikujua alifariki mwaka 1890, na diwani ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya kufa mwenye mashairi na miaka 50 baada ya kufa aliyeyaokoa. Karatasi za Taylor zimo London, katika maktaba ya chuo cha SOAS.